Kikopo cha Mawese katika Wodi ya Wanaume

Ndugu zangu, jina la Bwana litukuzwe hapa tulipo, na lizidi kutukuzwa nitakapokuwa nimemaliza!

Mnaniona mzee, magoti yamegoma, lakini ulimi bado unanitii. Nafasi hii nimeshapewa mara nyingi nikaikimbia. Nilisingizia kifua, nikasingizia shamba. Leo sikimbii. Nimekuja kushuhudia mbele yenu jinsi Mungu alivyomponya mdogo wangu Elia sumu iliyoingia katika damu yake, na jinsi alivyoniponya mimi niliyempelekea sumu hiyo kwa kidole changu, huku nikiomba.

Naona wengine mmeinua vichwa. Nisikilizeni mpaka mwisho.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru. Mpanda ilikuwa mji wa mgodi wa madini ya risasi. Treni ilikuwa imeanza kufika, na kila iliyofika ilimwaga watu: Wanyamwezi, Wafipa, Warundi, Wakonongo, kila mtu na lugha yake na sufuria yake mgongoni. Mimi ni Mpimbwe wa Usevya, mtoto wa wakulima wa mpunga. Nilikuwa nimesoma sekondari Tabora, jambo ambalo siku zile lilimfanya mtu atembee katikati ya barabara. Mgodini nilipewa ukarani. Shati jeupe, kalamu mfukoni, kiatu kinalia.

Elia alinifuata mjini. Nilimtafutia kazi ya kusukuma vigari vya mawe. Siku tunaondoka nyumbani mama alinishika mkono akaniambia, "Huyu nakukabidhi wewe. Akiumia nitakuuliza wewe, sitamuuliza Mzungu." Nikacheka. Nikamwambia Elia yuko mikononi mwa Mungu. Ndivyo nilivyosema, "mikononi," na mama hakucheka.

Nilikuwa nimeokoka karibuni, ndugu zangu, na moto ulikuwa unawaka! Tulikuwa kikundi kidogo cha maombi, na kwa kuwa nilikuwa msomi, wenzangu walinifanya kiongozi. Kila Jumapili alasiri tulikwenda wodi ya wanaume katika hospitali ya mgodi kuwaombea wagonjwa. Kwetu huwezi kuingia penye wagonjwa ukamsalimu mmoja ukamruka mwingine. Ukishampa pole wa kwanza, unakwenda kitanda kwa kitanda, unashika mkono, unauliza panauma wapi. Sisi tuliongeza jambo letu juu ya desturi hiyo. Tulikuwa na kikopo cha mafuta ya mawese, yale mekundu yanayoletwa na wachuuzi wa ziwani kutoka Karema. Mimi kama kiongozi nilichovya kidole, nikampaka mgonjwa. Na sikumpaka kwenye paji la uso! Nilifundisha kwamba ombi litue penye maumivu. Kwa hiyo nilifunua bandeji, nikapaka juu ya jeraha lenyewe, nikaomba kwa sauti, nikafunika, nikachovya tena, nikaenda kitanda cha pili.

Kidole kile kile. Kikopo kile kile. Nilikuwa nikitetemeka kwa furaha.

Wodi ile ilikuwa chini ya dresa mmoja aliyeitwa Hamisi. Dresa ndivyo tulivyowaita watu waliosomea kuosha na kufunga vidonda na kupiga sindano. Alikuwa mtu wa Ikola, Mwislamu, mnene, mwenye majivuno na maneno mengi. Alipenda kusimulia jinsi alivyomshona mvuvi aliyeumwa na mamba, na kila aliposimulia mamba alikuwa mrefu zaidi. Mimi sikumpenda. Wagonjwa walimpenda.

Jumapili moja alitusimamisha mlangoni. Kulikuwa na beseni juu ya kigoda, na kipande cha sabuni ya mche.

"Karani," akasema, "nawa kwanza."

"Bwana Hamisi, sisi hatutawadhi."

"Nani kakwambia utawadhe? Miguu yako baki nayo. Puani usitie maji. Nataka mikono tu."

Wenzangu walicheka, na kicheko kile kiliniuma. Nilidhani ananivuta kwenye dini yake kwa ujanja. Nikamjibu kwa sauti kubwa, ili wodi nzima isikie, kwamba sisi tulikwisha kuoshwa, na aliyetuosha hahitaji sabuni.

Hamisi aliinua mabega. "Haya, mlioshwa. Lakini hiyo kucha yako ina wino tangu jana." Akajitoa mlangoni. Hakuwa na uwezo wa kutuzuia. Wakubwa walikuwa wametupa ruhusa, na mimi nilikuwa karani wa mgodi.

Hapo, ndugu zangu, naomba mnielewe. Nikiwa Tabora nilifundishwa habari za vijidudu. Nilivichora. Niliandika katika mtihani jinsi vinavyopita kutoka kidonda kimoja hadi kingine kwa mikono na nguo, mwalimu akanisifu. Nilijua! Lakini nilikuwa nimeyaweka mambo ya shule kwenye chumba kimoja na mambo ya Mungu kwenye chumba kingine, na mlango wa katikati nikaupigilia misumari. Niliona kwamba kuvikumbuka vijidudu wakati wa maombi ni kukosa imani.

Baada ya hapo Elia akaumia. Kigari cha mawe kiliserereka kikamchana mguu chini ya goti. Mfupa ulikuwa mzima. Hamisi alimshona vizuri, akampa kitanda, akamtania, "Mvua zikikolea utakuwa unacheza mpira. Ila si timu ya kaka yako, wale wanapiga kelele tu." Elia akacheka mpaka akashika mguu. Alikuwa kijana mwepesi wa kucheka.

Jumapili iliyofuata tuliingia wodini na nguvu mara dufu, kwa kuwa mdogo wangu yumo. Kitanda cha kwanza alikuwapo mzee wa Kasekese mwenye donda ndugu mguuni, donda la siku nyingi lililonuka mpaka kwenye baraza. Nilifunua, nikapaka, nikaomba. Machozi yalimtoka yule mzee, maana hata wajukuu zake hawakupenda kumkaribia. Kitanda cha pili alikuwapo Petro, mkata kuni wa Sibwesa, amejikata kiganja kwa shoka. Nilifunua, nikapaka, nikaomba. Petro aliimba na sisi, alikuwa na sauti nzito nzuri. Kitanda cha tatu, Elia. Nilipaka mafuta juu ya nyuzi za Hamisi, nikapaka mengi, maana nilimpenda.

Hapo mvua ikashuka. Mnajua bati linavyopiga kelele. Hatukuweza kusikiana. Samweli, seremala wa mgodi na mwenzangu mkubwa katika kikundi, alinikonyeza twende. Vitanda vya upande wa pili hatukuvifikia. Tukasema tutakuja Jumapili nyingine.

Kabla ya Jumapili nyingine Petro alianza kutetemeka. Kiganja kilivimba kikawa kama si cha mtu. Halafu Elia. Nilimkuta asubuhi anatetemeka kiasi kwamba kitanda cha chuma kilikuwa kinalia, na blanketi tatu hazikumtosha. Mara akawa wa moto, akazitupa. Mstari mwekundu ulikuwa umetoka kwenye jeraha unapanda pajani. Alimwita baba yetu, ambaye alikuwa amekufa siku nyingi, akimwambia afungue bwawa la mpunga maji yapite.

Hamisi mwenyewe kwanza alidhani ni malaria, akampa kwinini. Hakuwa malaika, alikosea kama watu. Alipouona ule mstari alinyamaza, na Hamisi akinyamaza wodi nzima iliogopa. Aliita daktari. Daktari alimtazama akasema sumu imeingia katika damu. Wakaanza kumpiga penisilini, sindano juu ya sindano.

Na mimi? Sikuweza kukaa, ndugu zangu. Nilikwenda ofisini, tarakimu zikanikataa, nikarudi wodini. Wodini sikuweza kumtazama, nikatoka. Nilizunguka jengo lile mpaka nikatengeneza njia kwenye majani. Nilifunga chakula. Nilikemea malaria, nikakemea pepo, nikakemea mgodi. Nikiomba nasikia meno ya Elia yanagongana. Nikiacha kuomba naona uso wa mama. Nilisimama kwenye reli bila kujua nimefikaje pale.

Petro akafa. Alikufa mchana, watu wakila.

Kikundi kilikutana kwa Samweli. Samweli alikuwa mtu mwema, na nawaomba msimhukumu. Alisema, "Wodi ile ina roho chafu. Tulipoingia kwa maombi imechukia, inajilipizia. Tumtoe Elia. Kuna lori linakwenda Usevya kuchukua mpunga. Tumpeleke kwa mama yake, tukamwombee penye hewa safi." Wote wakasema amina. Nami nikasema amina.

Tulikwenda na machela. Hamisi alikuwa mlangoni, macho mekundu, hajapumzika.

"Mnampeleka wapi?"

"Nyumbani," Samweli akasema.

"Lori likifika mto wa kwanza atakuwa maiti."

"Maneno ya mtu asiyeamini."

Walimpita. Wakamlaza Elia kwenye machela, wakainua. Hamisi hakugombana nao. Alinishika mimi mkono wa shati, akanivuta ndani.

"Karani, wewe umesoma. Njoo utazame kitu kimoja, halafu nenda."

Alinisimamisha katikati ya wodi. Upande wa kushoto: mzee wa Kasekese na donda lake, kitanda kitupu cha Petro, kitanda kitupu cha Elia. Upande wa kulia wagonjwa walikuwa wanacheza bao juu ya godoro, mmoja ana mshono wa tumbo, mwingine mfupa uliovunjika, na huyo amekunja uso kwa kuwa ameliwa kete.

"Hawa mliwaombea?" Hamisi akauliza.

"Hapana. Mvua ilinyesha."

"Wale?"

Nikageuka nikavitazama vile vitanda vitupu.

"Mlianzia wapi?"

Ndugu zangu! Tuliowaombea walikuwa wanakufa. Tusiowaombea walikuwa wanagombania kete. Nilitazama kidole changu. Ule mlango nilioupigilia misumari ukafunguka kwa kishindo, na yote niliyoyachora Tabora yakatoka: donda la mzee, kidole, kikopo, kiganja cha Petro, kidole, kikopo, mguu wa mdogo wangu. Hapakuwa na roho chafu iliyotuchukia. Palikuwa na mimi.

Nilitoka mbio. Walikuwa wamekwisha kufika kwenye lori, dereva ameshawasha.

"Mshusheni," nikasema.

Samweli alinitazama. "Umefanya nini? Umemsikiliza yule Mwislamu?"

"Mshusheni, Samweli."

"Imani yako iko wapi, karani?"

"Sijui iko wapi. Mshusheni kwanza, tutaitafuta baadaye."

Hakuna aliyesogea. Dereva akapiga honi. Nikashika mpini wa machela peke yangu nikavuta, karibu nimwangushe Elia chini, na Samweli akaona kwamba nitamwangusha kweli kuliko kumwachia. Akashika mpini wa pili. Tukamrudisha. Wengine wa kikundi walikwenda zao, na baadhi yao hawakunisalimu tena hadi wanaondoka Mpanda.

Ndani nilikwenda moja kwa moja kwenye lile beseni. Nilinawa. Nilisugua kucha, nikasugua viwiko, nikaanza tena. Hamisi alinitazama kwa muda akasema, "Basi, karani, sabuni utaimaliza, na mwezi bado mrefu." Nikalia pale, povu mkononi. Alinipa kitambaa kisafi. Hakunisema zaidi. Kwa maneno aliyokuwa nayo mtu yule, ile ilikuwa zawadi kubwa.

Penisilini peke yake haikutosha. Daktari alisema mguu ndio kisima cha sumu, ukibaki Elia anakwenda. Nilikubali mimi, maana Elia hakuwa na akili zake. Wakaukata juu ya goti.

Mama alifika na lori lile lile liliporudi na mpunga. Nilimwambia yote kabla hajamwona mtoto. Nilimwambia kuhusu kikopo, kidole, Petro. Alinisikiliza amesimama, khanga ameikunja mkononi.

"Nilikukabidhi mwenye miguu miwili," akasema.

Akanipita, akanawa, maana alimwona Hamisi anaonyesha beseni, akakaa kitandani akaanza kumlisha Elia uji kwa kijiko, tone kwa tone. Hakuniambia neno jingine mpaka homa ya Elia iliposhuka.

Nilikuwa bado naomba, lakini nilisimama mbali, mgongo ukutani, mikono nimeificha nyuma. Niliomba kama mtu anayedaiwa. Sikuwa na hakika kama Mungu ananisikia au amenigeuzia kisogo, na sikuthubutu kunyamaza nikajua. Asubuhi moja Elia alifumbua macho, yakiwa macho yake.

"Kaka," akaniita, "mbona unaomba toka huko?"

"Naogopa kukugusa."

Mama alikuwa amemweleza alfajiri, mimi nikiwa nje. "Umenawa?"

"Nimenawa."

"Basi njoo. Siwezi kukufuata, nina mguu mmoja."

Alicheka, ndugu zangu! Kicheko chembamba, lakini kicheko. Nikaenda nikashika mkono wake nikamwombea, na mkono ule ulikuwa wa baridi, baridi ya mtu asiye na homa. Hapo nilijua Bwana amempigania. Amempigania kwa sindano, kwa kisu, kwa uji wa mama, kwa ukali wa Mwislamu wa Ikola, na hakuniuliza mimi kama njia hizo nazipenda.

Elia aliishi. Alijifunza ushonaji, akaoa, akazaa. Bado tunabishana kwa simu kuhusu mpira.

Sasa niwaambie sehemu iliyonifanya nikimbie miaka yote hii.

Mke wa Petro alifika kutoka Sibwesa kuchukua vitu vya mumewe. Vilikuwa shuka, sahani na shoka. Hamisi alinionyesha yule mama kwa kidevu, akaingia ndani akatuacha barazani. Ningeweza kumpa pole na kuondoka. Ndivyo nilivyotaka. Miguu ilikuwa imekwisha kugeuka.

Nikakaa chini karibu naye nikamwambia. Nilimweleza kwa Kiswahili chepesi, bila maneno ya shule, kwamba ugonjwa uliomuua mume wake niliutoa kwenye donda la mzee mwingine nikamtia kwenye kiganja, nikidhani namwombea.

Alikuwa anasafisha ukingo wa sahani kwa kidole gumba.

"Aliogopa?" akauliza.

"Siku ile hakuogopa. Aliimba na sisi."

"Ndugu zake wako hapa hapa Mpanda. Hawakuja hata siku moja." Akafunga shuka fundo. "Nyie mlikuja."

Nilianza kulia kwa shukrani, akanizuia kwa mkono.

"Sijasema nimekusamehe, kaka. Nimesema mlikuja."

Akaweka shoka begani akaondoka. Sikumwona tena, wala sijui kama siku moja moyo wake ulinifungulia. Nilikwenda Sibwesa baadaye kumtafuta, nikaambiwa amehamia kwao, upande wa ziwa. Ndugu zangu, mimi ni mtu aliyepona ambaye hajatulia. Nikiona kidonda bado natazama kucha zangu. Watu huniambia, mzee, ulikuwa na nia njema, jisamehe. Nia ilikuwa njema, ndiyo. Petro amelala makaburini Mpanda pamoja na nia yangu njema.

Lakini sikuja hapa kuwaachia huzuni. Nimekuja kumshukuru Mungu! Ningekuwa Mungu ningemwacha karani yule na kiburi chake, na mdogo wake angekufa njiani kuelekea Usevya, na karani angesema ni mapenzi ya Bwana, na Jumapili iliyofuata angeingia wodini na kikopo chake kuwapaka wale wa upande wa pili. Mnaona mahali nilipookolewa? Aliniokoa nisiendelee.

Kwa hiyo namwalika mtu mmoja aliye hapa. Nakufahamu, ingawa sijui jina lako. Umemuumiza mtu ukiwa umeshika jina la Mungu mkononi. Labda ulimzuia mgonjwa dawa. Labda ulimwambia mama kwamba mtoto wake amekufa kwa kukosa imani. Na sasa unaogopa kuutazama ukweli huo, ukidhani ukiutazama utampoteza Mungu. Mimi niliutazama katikati ya wodi, kitanda kwa kitanda, na Mungu hakutoka. Alikuwapo kabla sijajua na alikuwapo nilipojua. Mtegemee huyo. Njoo mbele, au kama huwezi kuja mbele, nenda kwa yule uliyemuumiza, umwambie, na usimwombe chochote.

Elia aliishi, namshukuru Bwana. Petro hakuishi, na habari za Petro bado namwuliza Bwana kila asubuhi. Hajanijibu. Wala hajanifukuza. Amina.